Kamshafti Kali, Pedali Ngumu

Mwenye Chevrolet Camaro ya 1969 akibadilisha kamshafti, kitu cha kwanza anachokipata ni mngurumo. Injini iliyokuwa ikisikika kwa utulivu sasa inadunda, inatikisa boneti, na watu kando ya barabara wanageuka kutazama. Cha pili hakisikiki. Hukijua akishafika kwenye foleni: anakanyaga breki mara ya kwanza, gari linasimama; mara ya pili pedali inashuka nusu; mara ya tatu imekakamaa, na gari linasimama kwa nguvu ya paja lake tu. Anarudi gereji akilalamika kwamba breki zimekufa. Fundi anafungua magurudumu, anakuta diski nzima, pedi mpya, mafuta ya breki yamejaa hadi alama. Breki hazina kosa. Kilichopungua ni vakyumu.

Busta ya kawaida, yaani kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki kwa vakyumu, haina nguvu yake yenyewe. Ni kopo la bati lenye diaframu ya mpira katikati. Injini ya petroli, mlango wa hewa wa kabureta ukiwa umefungwa, hunyonya hewa kutoka pande zote mbili za diaframu hiyo. Ukikanyaga pedali, valvu ndogo huruhusu hewa ya nje iingie upande wa nyuma, na kwa kuwa mbele hewa ya kuizuia ni kidogo, inasukuma diaframu, nayo diaframu inasukuma fimbo ya masta silinda. Anayefanya kazi hapo ni hewa ya anga. Injini imemfungulia njia tu. Mbelgiji Albert Dewandre aliuingiza utaratibu huu kwenye magari miaka ya 1920, na mpaka leo magari mengi ya petroli yanautumia bila mabadiliko makubwa.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kufanywa kabla ya kununua chochote. Busta ya kipenyo cha inchi 8 ina diaframu yenye eneo la takriban sentimita za mraba 324. Injini nzima, isiyochezewa, katika usawa wa bahari huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa inchi 18 busta hiyo hutoa msukumo wa karibu kilo 200. Kwa inchi 9 hutoa kilo 100. Nusu ya vakyumu ni nusu ya msaada, na hakuna ufundi wa pedi au diski unaobadilisha hilo.

Sasa kwa nini kamshafti kali inaua vakyumu? Kamshafti ya mashindano huacha valvu za kuingizia na za kutolea zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu zaidi. Injini ikienda kasi, hilo ni faida, kwa sababu moshi unaotoka huvuta mchanganyiko mpya uingie. Ikiwa silensa ni hasara: sehemu ya moshi hurudi nyuma kwenye manifoldi na kujaza nafasi iliyopaswa kuwa tupu. Injini ya namna hii inaweza kuvuta inchi 10, au 8, au chini zaidi. Viwanda vyenyewe viliwahi kuuza magari hivyo. Camaro Z/28 ya 1967 hadi 1969, yenye injini ya inchi za ujazo 302, ilitoka dukani na kamshafti ambayo leo mtu angedhani imewekwa na kijana wa mtaani. Lakini magari mengi yenye tatizo hili hayakuzaliwa nalo. Yamepewa na wamiliki wake.

Kuna mkosaji wa pili asiyetajwa sana, naye ni diski. Breki za ngoma za zamani zilikuwa na hila: kiatu cha breki kikigusa ngoma inayozunguka, mzunguko wenyewe hukivuta na kukibana zaidi. Breki inajisaidia. Ndiyo maana gari zito la miaka ya 1950 liliweza kusimama kwa mguu wa kawaida bila busta. Diski haina hila hiyo. Pedi hubana kwa kadiri ya shinikizo inalopewa na masta silinda, basi. Mmiliki anayeng'oa ngoma za mbele na kuweka diski, kisha akaweka na kamshafti kali, ameongeza mahitaji ya breki na papo hapo amepunguza msaada wake. Halafu anashangaa.

Kwa wasomaji wa bara, mwinuko unaongeza deni lingine. Vakyumu hupungua kwa karibu inchi moja kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Injini inayovuta 18 Mombasa itavuta 12 hadi 13 Nairobi, yenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hali ni kama hiyo Mbeya. Gari la kiwandani linalimudu hilo kwa sababu waliolibuni waliacha akiba, na pia kwa sababu dereva anapoachia mafuta gari likiwa kwenye gia, mlango wa hewa hufungwa huku injini ikizungushwa na magurudumu, na vakyumu hupanda juu sana. Gari lenye kamshafti kali limeshaila akiba hiyo kabla halijaanza kupanda mlima. Kuna onyo jingine hapa kwa wale wanaoshuka Kitonga au Mai Mahiu na gia ikiwa nyutro ili kuokoa petroli. Ukitoa gia, injini inarudi silensa, na pale ambapo ungepata vakyumu nyingi kuliko wakati wowote unapata ile ndogo ya silensa. Wenye magari ya zamani yaliyochezewa injini wana sababu kubwa zaidi ya kuacha mtindo huo.

Kabla ya suluhisho lolote, geji. Geji ya vakyumu ni kifaa cha bei ndogo kuliko vingi vitakavyotajwa hapa, na nimeona watu wakinunua busta mbili mfululizo bila kuitumia hata mara moja. Iunganishe kwa tii kwenye mpira unaokwenda kwenye busta, ipitishe dirishani, uisome ukiwa umekaa kwenye usukani. Injini iwe imepata moto. Kama gari ni otomatiki, weka D, kanyaga breki, washa taa na kiyoyozi kama kipo, kwa maana hapo ndipo vakyumu inaposhuka zaidi na ndipo unapoihitaji. Kipimo cha gari likiwa limeegeshwa kwenye P ni cha kujifurahisha.

Busta nayo ina mtihani wake. Zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, ishikilie chini, kisha washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipozama, ama vakyumu haifiki au diaframu imekufa. Kisha zima tena, subiri dakika chache, ukanyage: unapaswa kupata angalau mkanyago mmoja au miwili laini. Ukikosa, valvu ya njia moja haishiki au kuna mahali panavuja. Sauti ya hewa inayochuruzika ndani ya gari muda wote ulioshikilia pedali inakuambia mpira umepasuka. Na mafuta ya breki yakipungua bila tone kuonekana chini, fungua masta silinda utazame nyuma yake. Mara nyingi yanaingia ndani ya busta na kuulainisha ule mpira mpaka unaharibika.

Mpira wenyewe wa vakyumu haupewi heshima yake. Gereji nyingi huweka mpira wa maji au wa petroli kwa sababu kipenyo kinalingana. Ukipata moto, kuta zake hunywea ndani kwa kuvutwa, njia inazibika, na tatizo linaonekana injini ikiwa moto tu. Asubuhi mteja akija kulalamika, breki ziko sawa. Tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya breki, wenye kuta ngumu. Kagua gasketi ya manifoldi, sehemu ya chini ya kabureta, na vijimpira vyote vidogo. Halafu taimingi. Injini yenye kamshafti kali hupenda kuchomewa mapema zaidi ikiwa silensa. Kuongeza taimingi ya awali, au kuhamisha mpira wa delko ukavuta moja kwa moja kutoka kwenye manifoldi, kunaweza kurudisha inchi kadhaa bila kununua kitu, na injini ikatulia zaidi juu yake. Fanya hivyo kwa kufuata kipimo na kusikiliza kama injini inagonga. Wapo waliomaliza shida yao hapa hapa, kwa bisibisi na taa ya taimingi.

Wasiomaliza wataambiwa wanunue tangi la akiba. Hii ndiyo dawa inayouzwa zaidi na inayoeleweka vibaya zaidi. Tangi halitengenezi vakyumu. Linahifadhi ile iliyopatikana gari likiwa linaachia mafuta kwenye gia, na kuizuia isitoroke kwa valvu ya njia moja. Kwenye barabara kuu linafaa: unaendesha, unaachia, tangi linajaa, unafunga breki, unaendelea. Kwenye foleni ya kusogea mita tatu tatu, injini ikiwa silensa muda wote, mikanyago michache ya kwanza itakuwa laini, kisha tangi litalingana na manifoldi na utarudi ulikoanzia. Kama geji inasoma 14 au 15 na tatizo ni la mara moja moja, nunua tangi. Kama inasoma 9, umenunua debe.

Kubadilisha busta yenyewe kuna mantiki yake. Ile yenye diaframu mbili za inchi 8 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine hukaribia kutoa msukumo mara mbili wa ile ya diaframu moja, kwa hiyo kwa inchi 9 hadi 10 za zebaki unakaribia kupata kilo zako 200. Ubaya ni urefu. Ndani ya boneti lenye V8 kubwa, busta ndefu hugombana na kifuniko cha valvu, na wengi huishia kuweka ndogo ya inchi 7 kwa sababu ndiyo inayoenea. Busta ya inchi 7 ina eneo dogo kwa takriban robo kuliko ya inchi 8. Kuiweka kwenye injini isiyovuta ni kuongeza msiba juu ya msiba.

Njia ya tatu ni kuacha kuiomba injini na kutafuta pampu. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kuliko wenzao wengi wa Marekani, ingawa hawaiiti suluhisho la magari ya zamani. Injini ya dizeli ya kawaida haina mlango wa hewa wa kufunga, hivyo haitengenezi vakyumu ya maana. Ndiyo sababu Hiace na Hilux za dizeli za Toyota zina alteneta yenye pampu ya vakyumu mgongoni. Igeuze alteneta hiyo mkononi uone: nyuma ya puli na nyaya kuna kopo dogo la chuma lenye mdomo wa mpira mnene wa kwenda kwenye busta, kijipaipu chembamba cha kuleta oili ya injini, na paipu pana zaidi ya kuirudisha kwenye sampu. Ndani yake mapanga madogo huzunguka yakilainishwa na oili hiyo. Alteneta za namna hii zimejaa kwenye maduka ya spea za mtumba, na kwa gari la zamani la petroli zinatatua mambo mawili kwa mkupuo mmoja: vakyumu ya uhakika, na chaji bora kuliko ile ya dainamo ya miaka ya 1960.

Lakini njia hiyo inataka oili, na hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Lazima utoe oili kutoka kwenye njia yenye presha, mara nyingi pale ilipo swichi ya taa ya oili, na lazima utoboe njia ya kuirudisha iliyo chini kuliko pampu ili ishuke yenyewe. Paipu ya kurudi ikiwa nyembamba au imepinda kwenda juu, oili hujaa ndani ya pampu, hupita kwenye sili na kuingia kwenye alteneta. Ikikosekana oili kabisa, mapanga huungua. Weka pia valvu ya njia moja karibu na busta, maana pampu ikisimama hutaki oili ivutwe kwenda kwenye ule mpira.

Asiyetaka kutoboa injini atatumia pampu ya umeme, kama zile za Hella ambazo hata viwanda vya magari vimezitumia. Pampu hii haijali kamshafti, haijali mwinuko kama injini inavyojali, na unaweza kuificha nyuma ya bampa. Masharti yake: relei, fyuzi, waya mnene kutoka kwenye betri, na swichi ya vakyumu inayosoma karibu na busta ili pampu iwake inapohitajika na kuzima inapotosheka. Pampu inayozunguka bila kukoma haitadumu. Na ifungwe taa au king'ora kwenye dashibodi kitakacholia vakyumu ikishuka, kwa sababu fyuzi ya pampu ikikatika hutajua mpaka ukanyage. Magari yenye dainamo dhaifu au umeme wa volti 6 yaachane na habari hii hadi yapate alteneta. Wengi hulalamikia kelele. Kwenye gari lenye kamshafti kali sielewi ni nani anayeisikia.

Nne, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa gari zito lenye V8, ni kuachana na vakyumu kabisa na kutumia presha ya steringi pawa. Kampuni ya Bendix ilileta mfumo huu, Hydro-Boost, miaka ya 1970; ukaenea kwenye pikapu na magari ya dizeli ya Marekani, na baadaye Ford ikauweka kwenye Mustang ya V8 ya 1996. Pampu ya steringi hutoa presha kubwa mara nyingi kuliko ile ya anga, kwa hiyo kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea pale ambapo busta pana haienei, na msaada wake haubadiliki ukiwa Dar es Salaam au Limuru. Kina kopo la akiba lenye presha ambalo hukupa mikanyago miwili au mitatu injini ikizima ghafla. Udhaifu wake uko kwenye mkanda: ukikatika, steringi na breki zote zinakuwa nzito kwa pamoja.

Kosa la kuogopwa zaidi katika ufungaji wake ni la vimiminika. Hydro-Boost hutumia mafuta ya steringi. Masta silinda iliyoshikamana nayo hutumia mafuta ya breki. Mafuta ya steringi yana asili ya petroliamu na huvimbisha mpira wa breki. Tone likiingia kwenye masta silinda, sili zote kuanzia hapo hadi kwenye gurudumu la nyuma ziko mashakani, na dawa ni kuzibadilisha zote. Faneli, chupa na vitambaa vya kazi hizi mbili visichanganywe. Paipu ya kurudisha mafuta kutoka kwenye kifaa nayo iingie kwenye tangi la steringi kwa mlango wake. Ukiiunganisha na ya steringi kwa tii, presha ya kurudi nyuma inaweza kufanya breki zijishike zenyewe.

Busta za umeme za magari mapya, kama iBooster ya Bosch, zinazoanza kung'olewa kwenye magari ya ajali na kufungwa kwenye ya zamani, nazitaja tu. Zilibuniwa kuongea na kompyuta za gari lililozizaa. Zikifungwa peke yake hufanya kazi kwa hali ya dharura. Sijashawishika.

Inabaki njia inayodharauliwa: kutoa busta. Watu husikia hivyo wakadhani wanarudishwa enzi za mababu, lakini tazama hesabu. Chukua mguu unaokanyaga kwa kilo 30. Pedali ya gari lenye busta kwa kawaida huzidisha mara 4, na masta silinda yake huwa nene, tuseme inchi 1 na moja ya nane, yenye eneo la sentimita za mraba 6.4. Busta ya inchi 8 ikiwa na afya inaongeza kilo 200, na shinikizo kwenye paipu linafika kilo 50 kwa sentimita ya mraba. Busta hiyo hiyo kwa inchi 9 za zebaki inaongeza kilo 100 tu, na shinikizo linashuka hadi 34. Sasa ondoa busta, sogeza fimbo ili pedali izidishe mara 6, na weka masta silinda ya saba ya nane ya inchi, yenye eneo la sentimita za mraba 3.9. Mguu ule ule unatoa 46. Gari lisilo na busta, lililopangwa vizuri, linasimama vizuri kuliko lenye busta iliyonyimwa vakyumu.

Bei yake ni safari ya pedali: itashuka zaidi, na hewa kidogo kwenye paipu au ngoma zisizorekebishwa zitaonekana haraka. Ukiwa na kalipa kubwa zinazotaka mafuta mengi, masta nyembamba inaweza kuishiwa kabla pedi hazijabana. Kwa gari jepesi, au lenye diski mbele na ngoma nyuma, hii ni njia safi, na haina cha kuharibika. Ila usifanye nusu. Anayetoa busta akaacha pedali ya mara 4 na masta nene anapata kilo 19, na hilo ndilo gari ambalo watu hulielezea wanaposema breki bila busta hazifai.

Kuna na jibu ambalo mteja hapendi kulisikia, nalo ni kurudisha kamshafti ya wastani. Kamshafti yenye nyuzi 112 hadi 114 kati ya vilele vya kuingiza na kutoa huvuta vizuri kuliko ya 106 au 108, na kwenye gari la mtaani tofauti ya nguvu haionekani mpaka injini ifike mizunguko ambayo mwenyewe haifikii kwa mwezi mzima. Anayetaka mlio na akubali gharama ya pampu.

Jambo moja halina mjadala, busta iwepo isiwepo. Magari ya Marekani ya kabla ya 1967 mengi yana masta silinda ya njia moja: paipu moja ikipasuka popote, magurudumu yote manne hayana breki. Fedha ya kwanza ya maboresho iende kwenye masta ya sehemu mbili.

Kazi ikiisha, toa hewa kwenye paipu zote, kisha peleka gari kwenye uwanja mtupu, si barabarani. Liendeshe polepole, funga breki mara nne mfululizo injini ikiwa silensa, uone kama ya nne ni sawa na ya kwanza. Gari likiwa limesimama kabisa, zima injini, kanyaga mpaka msaada wote uishe, kisha, bila kuwasha wala kufunga usukani, lisukumwe kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ulisimamishe kwa mguu mtupu. Likikataa kusimama, usiliendeshe kurudi gereji, livutwe.